Haijachacha, Imechakaa: Kuonja Bia Chungu Iliyosafiri Mpaka Kigoma

SWALI: Mtaalamu, habari za Tabora. Mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja likizo kwa treni, akaniletea chupa nne za bia ya kiwanda kidogo, zimeandikwa IPA. Alisema hiyo ni bia ya wajuzi. Ya kwanza tuliifungua siku ileile aliyofika: chungu kama mwarobaini, na inanuka boksi lililolowa. Ya pili niliiweka dirishani sebuleni kama pambo, maana chupa ni ya kijani na inapendeza. Baada ya wiki tukaifungua, ikanuka kama kicheche amepita. Wenzangu kijiweni wanasema imeoza, nisije nikajiua. Zimebaki mbili, ziko kwenye friji tangu siku ya kwanza. Je, imeharibika au ndivyo ilivyo? Na nikitaka kuionja wanavyoonja wajuzi, nifanyeje? Msomaji wenu, mtaa wa Mwanga, Kigoma.

JIBU: Ndugu yangu, huku Tabora ni kwema. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeshafanya nusu ya kazi ya mwonjaji. Hukuishia kusema "mbaya", umesema inanuka nini. Mwarobaini, boksi, kicheche. Hayo ni mambo matatu na kila moja lina chanzo chake. Uchungu bia ilizaliwa nao. Boksi imelipata njiani. Kicheche kimeingilia dirishani kwako.

Kwanza niwatoe hofu wazee wa kijiweni. Bia ya kiwandani iliyozeeka haiui mtu. Ndani yake mna kilevi, mna tindikali, mna gesi, na mna uchungu wenyewe. Vijidudu vinavyoleta maradhi haviwezi kuishi mahali kama hapo. Kinachoweza kumdhuru mtu ni chupa. Viwanda vidogo vingi huacha hamira hai ndani, na ile tope nyeupe unayoiona chini ya chupa ndiyo hiyo. Chupa ya namna hiyo ikikaa kwenye joto, hamira inaweza kuamka ikatengeneza gesi zaidi, na chupa ikapasuka. Kwa hiyo ulivyoziweka hizo mbili kwenye friji umefanya jambo la maana kwa bia na kwa macho ya wanao.

Sasa tuje kwenye neno "imeoza". Wewe ni mtu wa Kigoma, pombe ya ndizi unaijua. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa imechacha na hakuna anayeitaka isipokuwa aliyezoea. Wanzuki wetu wa asali huku Tabora naye ana siku zake. Kuchacha maana yake bakteria wameingia kazini na kugeuza kinywaji kuwa kikali kama siki. Bia yako haikuchacha. Ingechacha ungesema ni kali, ungekunja uso kwa ndimu, siyo kwa mwarobaini. Bia yako imechakaa. Imezeeka kwa joto na hewa, kama shati linavyochakaa kwa jua hata bila kuvaliwa. Haya mawili watu huyachanganya kila siku, na ukiyatenganisha utaielewa bia hii kuliko hata wengi wanaoiuza.

Kinachozuia kuchacha ni hopsi. Huu ni mmea unaotambaa, jamaa wa karibu wa bangi kwa ukoo lakini hauleweshi kama bangi. Kinachotumika ni maua ya mmea jike, ya kijani, yamejipanga magamba juu ya magamba. Ukilipasua ua moja kwa vidole unakuta ungaunga wa manjano unaonata, na vidole vitanukia mpaka jioni. Mara ya kwanza nilipolipasua nilikuwa kijana, mwajiriwa mpya kwenye chumba cha kuonjea, na nilipoleta vidole puani nilidhani mtu amemenya balungi nyuma yangu. Huku kwetu haustawi vizuri. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na Ikweta, na Kigoma mwaka mzima mchana ni kama saa kumi na mbili tu. Unalimwa bonde la Yakima kule Marekani, Hallertau ya Ujerumani, na kwa Afrika, maeneo ya George, Afrika Kusini.

Ule unga wa manjano una vitu viwili, na hapa ndipo siri yote ilipo. Kuna utomvu, na kuna mafuta. Utomvu ukichemshwa muda mrefu, kama saa nzima, unageuka na kutoa uchungu, na uchungu huo ndio unaowazuia bakteria wa kuchachisha. Mafuta ndiyo yenye harufu: chungwa, embe, pasheni, msunobari, majani yaliyofyekwa. Mafuta hayo hayapendi moto. Mama yeyote anayepika chai ya mchaichai anajua: ukichemsha sana bila kifuniko, nyumba nzima inanukia na kikombe kinabaki na maji ya kijani. Ndiyo maana mpishi wa IPA hutia hopsi mara mbili au zaidi. Za mwanzo anazichemsha kwa ajili ya uchungu, za mwisho anazitia moto ukishazimwa, na nyingine anazitumbukiza kwenye tangi bia ikiwa imepoa kabisa, ziloweke siku kadhaa. Hizo za mwisho ndizo zinazompa mpwa wako sababu ya kusema "bia ya wajuzi". Na hizo ndizo zinazopotea kwanza.

Hapo kuna jambo la kusikitisha kidogo, maana jina la bia hii linaahidi safari. IPA ni kifupi cha India Pale Ale, bia ya rangi nyepesi ya India. Mwishoni mwa miaka ya 1700 alikuwapo mpika bia wa London aitwaye George Hodgson, kiwanda chake kilikuwa Bow, si mbali na mahali zilipokuwa zikipakia meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Aliwauzia manahodha mapipa kwa mkopo, nao wakazunguka ncha ya kusini ya Afrika, wakivuka Ikweta mara mbili, miezi minne hadi sita baharini. Miaka ya 1820 wapika bia wa mji wa Burton upon Trent kule Uingereza, Allsopp akiwa mmoja wao, wakaingia kwenye biashara hiyo na kuishinda London, kwa sababu maji ya Burton yana jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu uwe mkavu na safi. Utasikia watu wakisema bia hii ilibuniwa ili tu iweze kufika India. Si kweli sana. Bia nyeusi nazo zilisafirishwa huko zikafika. Bia nyepesi ilikuwepo tayari, wakaiongezea hopsi ili isichache njiani, na joto la safari likaikomaza ndani ya pipa.

Lakini bia ile na yako ni babu na mjukuu. Mnywaji wa Calcutta kule India alitaka kinywaji kisafi, kikavu, kichungu, kilichotulia. IPA ya leo imezaliwa upya Marekani, hasa baada ya mwaka 1972 ilipotolewa aina ya hopsi iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi, na viwanda vidogo vya huko vikaanza kushindania harufu. Uchungu unasafiri. Harufu haisafiri. Anayepakia bia ya leo kwa kuamini jina la zamani anaipakia kama mahindi makavu, wakati inatakiwa ipakiwe kama mgebuka mbichi, samaki wa ziwa lenu.

Turudi kwenye chupa yako ya kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Siku mbili chini ya kiti, begi limefungwa, na kabla ya hapo huenda zilikaa dukani nje ya friji wiki kadhaa. Watengenezaji wana kanuni yao ya kukisia: bia huzeeka kiasi kilekile ikikaa siku 3 kwenye nyuzi 32, au siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio, lakini yanakuonyesha joto linavyokula. Kidogo cha hewa kilichobaki shingoni mwa chupa kikisaidiwa na joto, mafuta ya hopsi hufifia, na panazuka harufu ya karatasi na boksi. Rangi nayo hukolea, ikaelekea chai ya rangi. Uchungu lakini unabaki, karibu wote. Kwa hiyo ulichokunywa siku ile ni mwarobaini bila chungwa lake. Hukuonja bia ile. Ulionja mifupa yake.

Nami nimeshafanya kosa hilohilo. Niliwahi kubeba katoni nzima kwa basi kuja Tabora, nikaiacha siku nzima karibu na injini, jioni nikawakaribisha watu niliotaka sana waipende. Nusu waliacha glasi zao mezani. Iliniuma, kwa sababu nilijua mtu aliyeipika alivyohangaika nayo, na wageni wangu waliondoka wakiamini kazi yake ni mbaya.

Chupa ya pili ni habari nyingine kabisa. Kicheche uliyemsikia ni wa kweli, na pua yako haikukosea hata kidogo. Mwanga ukiupiga uchungu wa hopsi, uchungu ule hukatika, ukashikana na salfa iliyomo kwenye bia, ukazaa harufu ya jamii ileile ambayo wanyama wa namna hiyo hujikingia. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe chache mno. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani inazuia kidogo. Nyeupe haizuii kitu, na juani dakika chache zinatosha. Kopo ndilo linaloshinda zote. Kwa hiyo dirisha la sebuleni linaloangalia ziwa ni zuri kwa mgeni, si kwa bia.

Zimebaki mbili za friji. Zilisafiri na zile mbili, kwa hiyo boksi kidogo utalikuta. Lakini zimelala kwenye baridi na giza, na naamini kuna kitu cha kuonja humo. Kabla hujafungua, fundisha pua kwanza. Hili hata asiyekunywa kilevi anaweza kulifanya, na kwa kweli wake zetu mara nyingi wanatushinda. Chukua vikombe vya kahawa, kila kimoja kifunikwe na sahani. Kimoja tia ganda la chungwa. Lipinde kwanza karibu na mshumaa uone vile vimulimuli vinavyoruka: hayo ndiyo mafuta, na ya hopsi ni ya namna hiyo. Kingine tia utomvu wa embe bichi, ule unaochuruzika kwenye kikonyo ukilichuma. Kwenye maembe, kwenye mchaichai na kwenye hopsi mna mafuta ya aina moja yaitwayo mirsini, ndiyo maana mtu wa Ujiji au Tabora aliyekulia chini ya miembe ana mtaji ambao mwonjaji wa London hana. Kingine tia pasheni iliyoiva mpaka imekunjamana. Cha mwisho tia kipande cha boksi, kimwagie maji ya uvuguvugu, ufunike robo saa. Funua, nusa kwa mikupuo mifupi, funika. Ukishajua boksi linanukaje likiwa peke yake, halitakudanganya tena likijificha nyuma ya chungwa.

Halafu glasi. Hapa watu wa Kigoma niwaonye kwa upendo: mawese. Glasi iliyoguswa na mafuta, hata ukungu tu usioonekana, inaua povu, na povu ndilo linalobeba harufu kuipandisha puani. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, isuuze mpaka sabuni yenyewe iishe, kisha iegeshe kichwa chini ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Glasi iliyobana kidogo mdomoni ni bora, lakini ya maji ya kawaida inatosha, mradi usiijaze. Kunywa chupani ni kuziba pua. Nina hakika zile mbili mlizinywa hivyo.

Itoe chupa kwenye friji, iache mezani kama dakika kumi, kwa joto la kwenu zinatosha. Bia ya baridi kali inautia ulimi ganzi na harufu inabaki imelala. Nyuzi 8 hadi 12 ndipo inapozungumza. Inamishe glasi, mimina taratibu ubavuni, ukifika nusu isimamishe uache povu lipande vidole viwili. Tope la chini liache chupani kwa mara ya kwanza.

Usinywe bado. Mnuso wa kwanza ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu pua huchoka upesi. Nusa mara moja, fupi. Sema neno la kwanza linalokujia, hata kama unaona aibu: "embe", "nyasi", "sabuni", "nyumba ya bibi". Kisha ziba mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe, funua, nusa tena. Pua ikichoka, nusa ngozi ya mkono wako mwenyewe, itatulia. Mimi hufanya hivyo hata ninapopima asali za miombo hapa, nikianza kushindwa kutofautisha moshi wa mrinaji na harufu ya maua.

Sasa piga fundo la kujaza mdomo, liache lizunguke, meza, kisha pumua nje kwa pua ukiwa umefunga mdomo. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu harufu inarudi kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi inatofautiana na ile ya mwanzo. Mtakutana kwanza na kimea cha shayiri: utamu wa ganda la mkate, pengine asali. Utamu huo ni mto wa kulalia uchungu. Bila utamu huo, uchungu hauna pa kukaa. Uchungu wenyewe unachelewa. Hesabu pole pole mpaka kumi na uangalie unaishaje. Ukiisha safi, ukaacha mate na hamu ya fundo jingine, mpishi kafanya kazi. Ukikuachia ulimi mkavu uliokunjamana kama umetafuna ndizi mbichi, huo si uchungu, huo ni ukakasi, na ukakasi ni kosa la upishi au uzee. Lugha yetu ina maneno mawili tofauti kwa vitu hivi, tuyatumie.

Na kuhusu uchungu, ndugu yangu, sikubali kwamba sisi si watu wa uchungu. Nimekaa vijiwe vya Ujiji baada ya alasiri, nimeona wazee wanavyoipokea kahawa chungu kwenye kikombe kidogo bila hata chembe ya sukari, kashata pembeni. Hakuna mtoto aliyeipenda siku ya kwanza. Mnakula nyanya chungu kwa raha. Ulimi uliojifunza kahawa unaijua njia. Unachokosa ni kuambiwa kwamba bia hii inadai adabu ileile ya kahawa, kidogo kidogo, kwa kikombe kidogo, na kitu cha kutafuna. Anayeishusha kwa kiu kama laga baridi, ile bia yetu ya kawaida, atateseka bure.

Cha kutafuna kwenu mnacho. Mgebuka wa kukaanga, moto, na chumvi: mafuta ya samaki yanaupooza uchungu, na uchungu unayafagia mafuta. Dagaa wakavu waliokaangwa hadi wakavunjika nao ni wenzi wazuri. Pilipili punguza, kwa sababu bia yenye uchungu na kilevi kingi huichochea ikawaka mara mbili.

Kilevi nacho ukiangalie kwenye karatasi ya chupa. IPA nyingi ni kati ya asilimia 5.5 na 7.5. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 7 ina kilevi cha takriban mililita 23; chupa kubwa ya laga ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Umbo dogo lisiwapumbaze, zinakaribia kulingana. Chupa mbili kwa watu wanne kwa jioni ya kuonja zinatosha sana.

Kwa hiyo fungueni moja Jumamosi hii, na vikombe vya mafunzo vikiwa mezani. Kama boksi limetawala na chungwa halionekani kabisa, ya mwisho usiinywe kwa kujilazimisha. Changanya na unga wa ngano, chovya vipande vya samaki, kaanga, utapata ganda jepesi linalovunjika. Kama bado kuna chungwa au embe hata kwa mbali, ya mwisho ifungueni Jumapili, msiiweke akiba. Haitakuwa nzuri zaidi ya ilivyo leo.

Mpwa wako akija tena, mwambie atafute tarehe ya kujazwa, si ya kuisha tu. Achukue isiyozidi wiki chache, kwenye kopo kama lipo, na dukani aitoe kwenye friji, siyo rafuni. Njiani aifunge kwenye kiboksi cha baridi pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa, na akifika Tabora treni ikisimama abadilishe barafu. Hapa stesheni haikosekani.